Mdogo wangu yuko Wales anarekodi mawimbi ya dhoruba akiwa kando ya bahari, nimwambie nini anielewe?

DadaWaMasese

Habari za jioni wanajamvi. Mimi niko Jinja, nina mdogo wangu wa kiume alienda kusoma Wales tangu mwezi wa tisa, mji unaitwa Aberystwyth, uko usoni kabisa mwa bahari, anasema chumba chake ukifungua dirisha unasikia maji usiku kucha. Sasa juzi kaweka vidio kwenye stetasi, upepo unalia hadi husikii anachosema, wimbi linapiga ukuta linapanda juu kama nyumba ya gorofa mbili, na yeye kasimama hapo kwenye ile njia ya kutembea anacheka. Ukifika sekunde ya 19 ile reli ya chuma nyuma yake inapotea yote kwenye povu jeupe, alafu inarudi, na viatu vyake vimeshalowa. Mama ameiangalia mara nne. Mara ya tano akanirudishia simu bila kusema neno akaenda kupepeta mchele ambao ulikuwa umeshapepetwa.

Nikampigia. Akanijibu, "Dada mimi mtoto wa Masese, maji nayajua." Na siwezi kusema anadanganya, anaogelea vizuri, amekulia mwalo wetu wa Masese, Ziwa Victoria, akisaidia wajomba kuanika mukene (dagaa). Mimi sasa nakosa la kumbishia manake bahari yenyewe nimeiona mara moja tu, Mombasa, tena siku hiyo ilikuwa imelala kama supu kwenye sahani.

Humu kuna watu wa maji na watu waliokaa nje. Naomba mniambie hatari hasa iko wapi kwa mtu ambaye hajapanda boti, amesimama tu nchi kavu na simu yake? Na mbona dhoruba za huko zina majina kama watu?

---

KijanaWaWalukuba

Dada unampa kijana presha bure. Wimbi ni wimbi. Yuko kwenye lami, kuna ukuta, kuna reli ya chuma, wale wazungu wangeona kuna hatari si wangefunga? Muache ale ujana, baridi yenyewe itamrudisha ndani 😂

---

NahodhaKasenyi

Kijana hapo juu umeongea kama abiria.

Mimi naendesha boti kati ya Kasenyi na visiwani mwaka wa 17 huu, ziwa letu nalijua hadi harufu. Dhoruba zetu nyingi ni za usiku kuelekea alfajiri, sababu usiku nchi kavu inapoa haraka na ziwa linabaki na joto lake, basi upepo unatoka kila upande kuelekea katikati ya ziwa, unagongana huko unapanda juu unakuwa wingu, na wewe mwenye haraka ya kuwahi soko unakutana nalo uso kwa uso. Nishakutana nalo. Tulikuwa tunarudi na mkaa na watu 14, mwenye boti simtaji, laifu jaketi alikuwa ameweka sita, tena zenyewe watu wamezikalia ili wasilowe. Tumebakiza kama kilomita tatu tu kufika, wingu likashuka. Nikaelekeza pua kwenye wimbi nikawaambia tupeni mkaa, tukatupa magunia tisa, na katikati ya kelele zote hizo mama mmoja ananishika shati ananiuliza nani atamlipa. Tulifika wote. Mkaa sikulipa mpaka leo na tukikutana ananiangalia.

Sasa kwanini nayasema haya. Ziwa limetufundisha sisi kwamba hatari iko huko ndani, kwenye boti. Ukishakanyaga mchanga wa mwalo umepona, unakaa chini unaomba chai. Ziwa halikufuati. Ukiweka ndoo yako hatua kumi kutoka majini asubuhi, jioni utaikuta hatua kumi. Huyo mtoto wa Masese somo hilo liko kwenye damu, na ndilo litakalomponza.

Mimi mwenyewe nililipata hilo kwa aibu. Nilienda Dar kumuona binamu, nikavua viatu vyangu nikaviweka juu ya jiwe kavu, mbali kabisa na maji, nikaenda kutembea na kupiga stori. Kurudi viatu hakuna na jiwe hakuna. Palikuwa na mtoto anauza karanga, nikamshika mkono nikamwita mwizi mbele ya watu. Mtoto wa watu akanionyesha kwa kidole, kiatu kimoja kinaelea kule. Bahari ilikuwa imejaa, nami nilikuwa sijui kama bahari hujaa.

---

BintiLikoni

Nahodha 🤣🤣 yule mtoto wa karanga utamkuta siku ya kiama.

Mimi ni wa Likoni, nimeolewa Kampala huu mwaka wa kumi na moja, na hicho kitu watu wa bara ndicho nashindwa kuwaeleza kila siku. Bahari inajaa na kupwa. Kutoka kupwa mpaka kujaa ni kama saa sita na robo, yani kwa siku inajaa karibu mara mbili, na kila siku inachelewa kama dakika 50, kwa hiyo pale ulipotembea jana saa kumi pakavu, wiki ijayo saa hiyo hiyo pana maji. Alafu kuna bamvu, ule wakati wa mwezi kuandama na mwezi mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, na katikati hapo ndio maji mafu. Kwetu Mombasa siku ya bamvu tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita 4. Na huko huko Wales, pwani yao ya kusini kwenye Bristol Channel, inapita mita 12, ni katika sehemu zinazoongoza duniani. Mita 12 ni gorofa nne, dada. Kwa mdogo wako sio hivyo, pale ni kama kwetu au kuzidi kidogo, lakini hata hizo zinatosha kumzika mtu.

Sasa dhoruba ikiingia juu ya bamvu ndio balaa. Hewa ya dhoruba ni nyepesi, haikandamizi bahari vizuri, kwa hiyo maji yenyewe yanainuka. Mgandamizo wa hewa unapimwa kwa milibari, kila milibari moja ikishuka bahari inapanda kama sentimita moja, dhoruba kubwa inaweza kushusha 40 hivi, hapo umeshaongeza sentimita 40 kabla upepo haujafanya kazi. Alafu upepo nao unayasukuma maji yanarundikana ufukweni. Ndio maana wimbi ambalo jana lilikuwa linaishia miguuni mwa ukuta leo linavuka ukuta linaingia barabarani. Ile vidio ya juzi aliyopona haimwambii chochote kuhusu kesho, na hilo ndilo ungemwambia.

Kingine, asizunguke chini ya majabali wakati maji yamepwa, eti anatembea ufukweni. Unazunguka pembe ya jabali unaokota makombe, ukigeuka ile njia uliyopitia imekuwa bahari, mbele jabali, nyuma maji. Hata siku isiyo na upepo inatokea. Aangalie ratiba ya kujaa na kupwa kabla hajavaa viatu, iko kwenye apu na inabandikwa mpaka kwenye maduka ya wavuvi. Na kama kuna dhoruba, zile saa mbili kabla ya kujaa na mbili baada, asisogee huko kabisa.

---

KijanaWaWalukuba

Sawa nimesoma, kujaa na kupwa nimeelewa. Ila hamjajibu la reli na ukuta. Ukuta si umejengwa kwa ajili hiyo?

---

MleziWaZamani

Nijibu mimi hilo, nilikuwa Wales miaka mitano nafanya kazi ya kuangalia wazee, pwani hiyo hiyo ya magharibi, sasa hivi nimerudi niko Entebbe nafuga kuku.

Kijana, Januari 2014 bahari ilipiga huo mji wa Aberystwyth mpaka wanafunzi wa mabweni ya ufukweni wakahamishwa. Kulikuwa na kibanda cha mawe cha zamani pale kando ya bahari, cha watu kujikinga mvua, kiko kwenye orodha ya majengo ya kihistoria ya serikali, bahari ikala ardhi chini yake kikainama kikamegeka. Ile njia anayorekodia mdogo wa dada ilijaa mchanga na mawe, na vigae vya chini viling'oka. Nilipofika wazee niliokuwa nawaangalia walikuwa bado wanaisimulia kama juzi. Hiyo ndio reli na ukuta wako. Ukuta umejengwa ili mji usiliwe, haukujengwa ili mtu asimame juu yake.

Na kufunga wanafunga. Wanaweka utepe, polisi wanapita wanafukuza watu, na watu wanaruka utepe kwenda kupiga picha. Uzungu hauzuii ujinga.

Watu wanadhani wimbi likivuka ni maji tu, utalowa utacheka. Meta moja ya ujazo ya maji ya bahari ni zaidi ya kilo 1000, hesabu magunia kumi ya mahindi ya kilo mia mia yamerushwa kwako kwa pamoja. Na hayaji peke yake, yanabeba mawe ya ufukweni. Kuna asubuhi baada ya dhoruba nilikuwa naenda zamu ya saa moja nikakuta jiwe la ukubwa wa papai limekaa katikati ya kiti cha kupumzikia, limekaa vizuri kama limelipa nauli. Alafu wimbi likirudi ndio baya zaidi, linakuvuta na kokoto chini ya miguu zinatembea, huna pa kushika.

Na hayaji sawasawa. Nahodha atanisahihisha lakini wimbi la ziwa ni fupi fupi, la haraka, unaliona linavyokua. Yale yanatoka Atlantiki, yametembea siku mbili tatu, yanakuja kwa makundi. Utakaa dakika kumi, kumi na tano unaona madogo, unasema imetulia, unasogea upate picha, hapo ndio linakuja baba yao. Huko Oregon na kaskazini ya California yana mpaka jina lake, mawimbi ya kunyatia, na yanaua watu ufukweni ambao hata hawakuwa na nia ya kulowa, pamoja na magogo yaliyolala mchangani, wimbi la kimo cha goti tu linabiringisha gogo la tani juu ya mtu. Kwa hiyo usiipe bahari mgongo. Huyo kwenye vidio umesema reli imepotea NYUMA yake. Yani alikuwa anajirekodi mwenyewe 🤦🏾‍♀️

Kuogelea kwake sasa. Maji ya Masese ni nyuzi 25 hivi, ya kule mwezi wa pili ni 8. Ukitumbukia kwenye nane mwili unashtuka, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama mdomo uko chini ya maji pumzi hiyo ni ya maji. Moyo unakimbia. Mtu anayejua kuogelea anafanya kosa hapo hapo, anaanza kupiga miguu na mikono kwa nguvu, anachoka ndani ya dakika chache manake mikono inakufa ganzi. Wale wa boti za uokoaji, RNLI, wapo tangu 1824 na wengi wao wanajitolea tu bila mshahara, wanafundisha mpaka watoto wa shule: lala chali, kichwa nyuma masikio ndani ya maji, tulia, elea, mpaka pumzi irudi, dakika moja au mbili hivi, ndio upige kelele au uogelee. Inaonekana ndogo. Ni ngumu kuliko kitu chochote, nilijaribishwa kwenye bwawa la baridi nikalia kama mtoto.

Na akiona mwenzake au mbwa wa mtu ameingia, ASIRUKE. Mbwa mara nyingi anatoka mwenyewe, mwenye mbwa ndio hatoki. Apige 999 aseme anataka Coastguard (walinzi wa pwani), asiseme polisi wala ambulansi, aseme hilo neno. Pale kando kuna maboya mekundu ya kurushia mtu, arushe hilo, na asimtoe mtu macho hata kidogo, aendelee kumnyooshea kidole mpaka wafike.

Majina ya dhoruba: ofisi za hali ya hewa za Uingereza na Ireland zilianza 2015 na baadaye Uholanzi ikajiunga. Kila mwezi wa tisa wanaanza orodha mpya kwa herufi, A, B, C. Ni ili watu wakumbuke, upepo ukiitwa upepo tu hakuna anayesikia. Alafu kuna rangi, njano, chungwa, nyekundu. Nyekundu maana yake maisha yako hatarini, kaa ndani. Desemba 2024 ilikuja moja inaitwa Darragh, rangi nyekundu upande wa magharibi na kusini wa Wales, serikali ikatuma king'ora kwenye simu za watu karibu milioni 3 jioni moja, simu inalia hata ukiwa umeiweka kimya. Rafiki yangu alikuwa kwenye ibada, anasema kanisa zima lililia kwa pamoja na mchungaji akadhani ni Yesu.

---

NahodhaKasenyi

Mlezi hujakosea, wimbi letu ni fupi, ndio maana linavunja boti. Mimi nina swali, huyo kijana anavaa viatu gani? Manake kama ni zile raba za soli laini, kwenye simenti yenye ukijani wa mwani hahitaji hata wimbi, ataanguka mwenyewe.

---

DadaWaMasese

Jamani asanteni sana, nimekaa nimesoma yote na nimemsomea mama kwa sauti, kwenye jiwe la papai akasema "basi, basi, ruka hapo."

Nimempigia leo tena. Nahodha, ni raba nyeupe za soko la Owino, nilimnunulia mwenyewe, nimeona aibu. Sikuanza na kumgombeza, nikamuuliza tu, siku ile maji yalikuwa yanajaa au yanapwa? Akanyamaza. Akasema dada kwani hiyo inahusu nini. Nikamwambia haya mtoto wa Masese, nieleze. Akanyamaza tena. Nikajua nimempata. Nikamhadithia viatu vya Nahodha akacheka sana, na baada ya kucheka ndio akasema ukweli, kumbe siku ile wimbi lilimsukuma mpaka akashika reli kwa mkono mmoja na simu mkono mwingine, hicho kipande alikikata kwenye vidio. Mama hajui na hatajua.

Ila kuna mambo mawili amebishia. La kwanza, anasema huko kuna desturi, ukitembea ile njia mpaka mwisho wake chini ya mlima lazima upige teke reli ya mwisho ndio ugeuke, na wenzake wote wanafanya. La pili, jioni anaenda kwenye gati kuangalia ndege, anasema ni maelfu kwa maelfu wanazunguka angani kama moshi kabla ya kulala. Nimkataze vyote?

---

MleziWaZamani

Hapana nyabo usimkatalie hivyo, utampoteza. Hiyo teke ni kweli, hata mimi nimepiga, na wazee wa miaka 80 wanapiga. Reli haitahama, akaipige siku bahari imelala. Na ndege hao ni kwezi, wanalala chini ya lile gati wakati wa baridi, ni kitu kizuri sijawahi kuona mfano wake, mimi nilipowaona mara ya kwanza nilisahau basi likaniacha. Awaangalie akiwa upande wa mji, mgongo kwenye majengo, sio juu ya gati wala pembeni ya ukuta. Gati lenyewe lilifunguliwa 1865 na mwaka uliofuata tu dhoruba ikalimega kipande, kwa hiyo bahari na lile gati wanajuana zamani.

Na siku ya dhoruba kama anataka vidio kuna dirisha la bweni, na kuna mlima huo huo mwisho wa njia, aende juu mbali na ukingo kama upepo unaruhusu. Siku inayofuata pia asikimbilie, upepo unaweza kuisha na mawimbi yakaendelea siku nzima.

---

KijanaWaWalukuba

Sawa nimekubali, nilikuwa abiria 🙏🏾 Ila dada mnunulie buti.

---

DadaWaMasese

Buti atanunua mwenyewe, mimi nimeshatuma pesa ya koti.

Amekubali kunitumia ratiba ya maji kila Jumapili. Ya kwanza imefika jana, na hapo ndio tumegombana upya manake imeandikwa kujaa 19:30, mama akasema hiyo ni saa moja na nusu jioni kwa hiyo sasa hivi mtoto yuko kwenye maji. Nikamwambia mama hiyo ni saa yao, sisi tuko mbele yao saa tatu, yakijaa kwao hapa itakuwa saa nne na nusu usiku. Akaenda kuchukua kalenda ya ukutani, ile ya duka la mbolea, akaanza kuandika kwa peni saa za kwetu siku zote saba, na chini akachora vimwezi vidogo vya bamvu kama BintiLikoni alivyosema. Jana saa nne na nusu nilikuwa nimeshalala, nikasikia anagonga mlango. Anauliza kama mtoto ameshajibu meseji yake.

Alikuwa hajajibu. Alikuwa amelala.